Mwana aliyesema "ndiyo" na bomba lisilotoa maji



Katika Injili ya Mathayo, sura ya 21, Bwana wetu anasimulia habari za baba mmoja aliyekuwa na wana wawili. Aliwaambia wote wawili waende kufanya kazi katika shamba la mizabibu. Wa kwanza alikataa, halafu akajirudi, akaenda. Wa pili aliitika vizuri, kwa heshima zote, wala hakwenda. Kisha Yesu akauliza swali jepesi: ni yupi kati yao aliyetimiza mapenzi ya baba? Hata mtoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza analijibu swali hilo.

Nimeuhubiri mfano huu mara nyingi. Kwa miaka mingi niliuelekeza kwa wale wanaokuja kanisani na kuitikia "Amina" kwa sauti kubwa, kisha wakatoka wakaishi wanavyotaka. Siku hizi kila nikiusoma nawaza bomba la maji. Nivumilie, nitaeleza.

Anayezifahamu wilaya zetu za Karagwe na Kyerwa anajua kwamba Mungu hakutunyima maji. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, migomba inastawi, kahawa inazaa, na mto Kagera unapita mpakani mwetu na Rwanda na Uganda. Lakini nchi yetu ni ya vilima. Nyumba, shule na makanisa viko juu. Chemchemi nyingi ziko chini bondeni. Kati ya mwenye kiu na maji pana mlima.

Amka alfajiri mwezi wa Julai, kiangazi kikiwa kimekaza, usimame kando ya njia iendayo bondeni. Utawaona akina mama na watoto wanashuka na madumu matupu, wanaongea, wanacheka. Subiri warudi. Wakipanda hawaongei, maana pumzi haitoshi kwa kazi mbili. Dumu la lita 20 lina kilo 20, na mtoto anayelibeba pengine hajafika kilo 30. Baada ya hapo ndipo anaoga, anavaa sare na kukimbilia shuleni, na mwalimu anamwuliza kwa nini amechelewa.

Mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo aliwahi kunifundisha kitu ambacho sikukipata seminarini. Tulikuwa tunasoma habari za mwanamke Msamaria katika Injili ya Yohane, sura ya 4. Nikaeleza maji ya uzima, neema, ubatizo, yote kama nilivyofundishwa. Nilipomaliza akasema: "Padri, lakini huyu mama aliomba nini hasa? Aliomba apewe hayo maji ili asirudi tena kuchota pale kisimani. Mimi ninamwelewa." Wanawake wote wakacheka. Nami nikacheka, lakini nililala nikiwaza. Kumbe nilikuwa nimelivuka ombi lake kwa haraka kwa sababu mimi sijawahi kuchota maji kila siku ya maisha yangu.

Sasa, tusiseme hatuna mipango. Mwaka 1971 serikali ilijiwekea mpango wa miaka 20 wa kumfikishia maji kila mwananchi wa kijijini, ili ifikapo 1991 kazi iwe imekwisha. Mwaka 1991 ulifika na sera mpya ya maji, na tarehe ikasogezwa hadi 2002. Mwaka 2002 ikatoka sera nyingine, yenye kusema kwamba kituo cha maji kiwe ndani ya mita 400 kutoka kwenye makazi na kihudumie watu wasiozidi 250. Ikafuata Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji, ya kuanzia 2006 hadi 2025, na lengo la kufikia asilimia 85 ya watu wa vijijini na 95 ya watu wa mijini. Sheria Namba 5 ya mwaka 2019 ikaunda RUWASA kwa ajili ya vijiji. Na mji wetu wa Kayanga ukaingizwa katika ule mradi wa miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, ambao mikataba yake ilisainiwa Juni 2022.

Siyataji haya kwa kubeza. Kazi imefanyika, na aliye mkweli ataikiri. Serikali imejenga, madhehebu yamejenga, matangi ya kuvuna maji ya mvua yamesimama kwenye shule na vituo vya afya. Ninachosema ni kwamba katika miaka hii zaidi ya 50, "ndiyo, Bwana" zimesemwa nyingi, na zimesemwa vizuri, kwa lugha safi na majedwali. Kati ya ile "ndiyo" na shamba la mizabibu, ni nini kinachopotea?

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatusaidia hapa. Tulipokuwa seminari kuu tulijifunza kwamba, kwa Thoma, fadhila ya busara ina matendo matatu. La kwanza ni kutafuta shauri, la pili ni kuamua lililo jema, na la tatu ni kuamuru lile lililoamuliwa litendeke. Wengi tungedhani kwamba kuamua ndiko kukubwa. Thoma anasema hapana, la tatu ndilo kuu. Mtu anaweza kushauriana vizuri, akaamua vizuri, akaishia hapo. Huyo ana akili, lakini bado hana busara kamili. Na kule kuchelewa kuamuru jambo litendeke, wakati limekwisha kuamuliwa, Thoma anakuhesabu kuwa ni uzembe, nao ni dhambi. Ndugu yangu, hii ni habari nzito kwa nchi ya semina na warsha.

Nilipata kualikwa kufungua kwa sala kikao cha chombo kimoja cha maji kilichokuwa kinazindua mpango mkakati wake. Kitabu kilikuwa kizuri. Kulikuwa na dira, dhima, malengo, viashiria na bangokitita lililojaa kurasa kadhaa. Kwenye jalada palikuwa na picha ya mama anayetabasamu kando ya bomba. Niliomba baraka ya Mungu juu ya kitabu kile kwa moyo wangu wote. Kama miaka miwili baadaye nilimkuta fundi wa chombo hicho ndani ya mtaro, matope mpaka magotini. Nikamwuliza: "Katika ule mpango mkakati wenu, wewe kazi yako ni ipi?" Akaniangalia, akacheka. "Padri, ule mpango uko kwa bosi. Mimi napigiwa simu bomba likipasuka."

Nadhani ugonjwa wenyewe uko hapo. Mpango wa maji hautekelezwi na bodi. Bodi inapitisha tu. Mpango unatekelezwa na fundi bomba, msoma mita, mwendesha pampu, karani wa ankara na mama anayekaa kwenye kilula kupokea fedha. Kitabu kikisema "kupunguza upotevu wa maji", sentensi hiyo haijazuia hata tone moja. Itaanza kuzuia pale itakapogeuka kuwa maneno ya Jumatatu asubuhi: bomba lipi, mtaa upi, fundi yupi, kwa spea ipi, kabla ya tarehe ngapi, na nani atakwenda kuangalia kama limezibwa.

Hebu tufanye hesabu rahisi, kwa mfano tu. Tuseme mamlaka inasukuma ndoo 100 kupanda kilimani. Umeme au dizeli ya ndoo zote 100 umelipiwa. Njiani zinapotea ndoo 35: bomba lililopasuka na kuachwa wiki tatu, mita mbovu, na jirani aliyejiunganishia usiku kwa msaada wa kishoka. Zimebaki 65. Kati ya hizo, 15 zinatumiwa na watu na taasisi zisizolipa. Kwa hiyo ndoo 50 zinabeba gharama ya 100. Pampu ikiharibika hakuna akiba, na kijiji kizima kinarudi bondeni. Hapo watu watasema mradi umekufa. Mradi ulikuwa unakufa polepole kwa miaka mitatu, kila mmoja akipita kando yake, kama yule kuhani na yule Mlawi katika njia ya Yeriko.

Inawezekana kufanya tofauti, na mfano hauko mbali. Ukivuka daraja la Murongo kule Kyerwa, uko Uganda. Mwaka 1998 Shirika la Taifa la Maji na Majitaka la Uganda lilikuwa hoi: wafanyakazi wengi kuliko kazi, wadaiwa wengi kuliko walipaji, na karibu asilimia 60 ya maji yake hayakuingiza fedha. Akateuliwa mkurugenzi mpya, Dakta William Muhairwe. Hakuanza kwa kuandika kitabu kinene. Alianza na programu ya siku 100, yenye mambo machache ambayo kila mfanyakazi aliweza kuyakumbuka: kuziba mabomba yanayovuja, kukusanya madeni, kupunguza matumizi, kumsikiliza mteja haraka. Baadaye kila mji ulipewa mkataba wake wa kazi na malengo yake, waliofikia malengo wakazawadiwa, na wakaguzi wakafika bila taarifa kuhakikisha kwamba kilichoandikwa kwenye ripoti kipo kweli. Katika miaka kumi, wateja wakaongezeka kutoka takriban 50,000 hadi zaidi ya 200,000, na maji yasiyoingiza fedha yakashuka hadi kama theluthi moja. Theluthi moja bado ni nyingi, hawakuwa malaika. Lakini lilikuwa shirika la umma, likaendelea kuwa la umma, na sehemu kubwa ya watu walioligeuza ni wale wale waliokuwamo. Walipewa kazi yenye jina na tarehe.

Maandiko nayo yanamjua mtawala aliyeleta maji mjini. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20, kikihitimisha maisha ya mfalme Hezekia, kinataja birika na mfereji alioutengeneza. Yerusalemu ina njia ya maji iliyochimbwa chini ya mwamba, urefu wake kama mita 533, ambayo wengi wanaihusisha na mfalme huyo. Mwaka 1880 yaligunduliwa ndani yake maandishi ya kale yanayoeleza jinsi kazi ilivyomalizika. Makundi mawili yalichimba kutoka ncha mbili. Walipokaribiana, wachimbaji wa upande mmoja walisikia sauti za wenzao kupitia mwamba, wakachimba kuifuata sauti, wakakutana. Na maji yakapita.

Natamani kila ofisi ya maji iwe na picha ya mfereji ule ukutani. Kundi moja lipo ofisini na takwimu. Kundi jingine lipo mtaroni na spana. Kila kundi likichimba bila kuisikia sauti ya jingine, watapishana gizani, kila mmoja akiamini kwamba amefanya kazi yake. Msoma mita anajua nyumba ipi ina bomba la wizi. Mama wa kilula anajua saa ambayo presha inashuka. Mwendesha pampu anajua mlio uliobadilika tangu mwezi uliopita. Ni mkakati gani umewahi kuwauliza?

Sasa niungame, maana si haki niwanyoshee wengine kidole huku mkono wangu mwenyewe una tope.

Jumatatu moja kijana alifika langoni kwa nyumba ya mapadri ana spana mkononi. "Tumsifu Yesu Kristo, Padri." Nikaitikia: "Milele, amina. Karibu ndani, mwanangu." Hakuingia. Akawa anaigeuzageuza ile spana. "Padri, shikamoo. Nimetumwa kukata maji. Deni ni la miezi tisa. Niliwaambia mimi siwezi kuikatia parokia, wakasema basi nije nimweleze Padri mwenyewe."

Jana yake, Dominika, nilikuwa nimehubiri juu ya haki ya maskini kupata maji. Nilimtaja Baba Mtakatifu Fransisko na waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, ambamo anafundisha kwamba maji safi ni haki ya msingi ya kila binadamu. Nilikuwa nimehubiri vizuri, watu walinipongeza. Na ankara tisa zilikuwa kwenye droo yangu, chini ya barua za ndoa. Fedha haikukosekana kabisa. Kila mwezi nilisema tutalipa, na nilimaanisha. Mimi ndiye niliyekuwa yule mwana wa pili.

Kilichonichoma zaidi si deni. Nilikuwa nimemweka kijana yule mahali ambapo ilimpasa achague kati ya kazi yake na padri wake. Kama angenyamaza kwa heshima, angekuwa ameshiriki kosa langu. Ni mara ngapi wafanyakazi wa chini wanajikuta hapo? Wanajua ni ofisi gani haijalipa, ni mkubwa gani ana bomba lisilopita kwenye mita, na wanapita kimya kwa sababu wana watoto wa kusomesha. Kisha tunashangaa kwamba mkakati haukutekelezwa!

Tulikaa na Halmashauri ya Walei, tukalipa kwa awamu. Lakini kuna swali ambalo halijaniacha: miezi ile tisa, nani alikuwa analipa dizeli ya maji yangu? Mama anayenunua ndoo kilulani hulipa papo hapo, shilingi mkononi, kabla maji hayajamwagika. Yeye hana droo ya kuficha ankara. Ndiye aliyenilipia.

Wapo Wakristo wanaosema: maji ni zawadi ya Mungu, kwa nini tuyalipie? Mungu anatoa mvua bure, ni kweli. Lakini bomba, pampu, dawa ya kutibu maji na mshahara wa fundi havidondoki kutoka mawinguni. Anayekataa kulipa hali anaweza, anamwibia jirani. Na yule asiyeweza kweli, bibi kizee asiye na mtu, mgonjwa, yatima, huyo tusimwachie mamlaka peke yake. Jumuiya ndogo ndogo inaweza kumlipia ndoo zake mbili kwa siku. Hiyo ni sadaka ambayo Mathayo 25 inaitaja kwa jina: nilikuwa na kiu.

Nimalizie kwa sura moja ya Biblia ambayo wengi huiruka. Ni sura ya tatu ya kitabu cha Nehemia. Huirukwa kwa sababu ni orodha tu ya majina: fulani alijenga kuanzia hapa hadi pale, na fulani aliyefuata akajenga mbele ya nyumba yake. Ndivyo ukuta wa Yerusalemu ulivyosimama. Nehemia alikuwa na mpango, lakini aliugawa vipande, kila kipande kikawa na jina la mtu na mahali pake. Wamo wafua dhahabu na watengeneza manukato. Wamo mabinti wa mtu mmoja aliyeitwa Shalumu. Wapo pia wakubwa wa Tekoa ambao hawakukubali kuinamisha shingo zao kwenye kazi, nao wameandikwa. Na aya ya kwanza kabisa inasema walioanza kujenga ni kuhani mkuu na ndugu zake makuhani. Niliposoma hapo baada ya ile Jumatatu ya spana, niliinamisha kichwa.

Kwa hiyo ninawaomba ninyi mnaofanya kazi katika mamlaka za maji na katika vyombo vya watumia maji: chukueni ule mpango mlionao, msiandike mwingine, na mwiteni fundi wa mwisho kabisa mumwulize kipande chake ni kipi. Asipokijua, mpango bado haujaanza. Ninyi waheshimiwa madiwani na wenyeviti wa vijiji, ulizeni kwenye vikao vyenu si tu mradi mpya utakuja lini, bali pia pampu ya mradi wa zamani ilipata matengenezo lini. Nanyi mnaochagua kamati, wapeni nafasi akina mama, maana wao ndio wanaojua mlima.

Sisi wa kanisani tuna kipande chetu pia, mbele ya nyumba zetu. Parokia, kigango, shule na zahanati zetu zilipe ankara zao. Mwenye bomba la wizi aliondoe wiki hii, na anayekuja kuliungama ajue kwamba kitubio chake kinaanzia kwenye ofisi ya maji. Anayeona maji yakibubujika barabarani apige simu, asipite kando. Na fundi akija na spana yake kudai kilicho haki, asimkute padri wala mzee wa kanisa anayejificha nyuma ya cheo.

Kesho ni Jumatatu. Leo tutaitika "Amina" mara nyingi, na ni vizuri. Baba atatungoja shambani kesho asubuhi, saa ile ambayo watoto wa Karagwe na Kyerwa wanapanda mlima na madumu yao, kimya, kwa sababu pumzi haiwatoshi kutuuliza tumefikia wapi.

Ee Bwana, uliyeomba maji kwa mwanamke kisimani kama mtu mwenye kiu, utujalie busara isiyoishia kwenye kuamua. Utupe kila mmoja kipande chake, na nguvu ya kukimaliza. Amina.

Nawatakieni Dominika njema.